Mizani ya Igogo

Usiku wa tatu pampu inanguruma chini ya kitanda
na Mama Ng'washi wa chumba cha pili anagonga ukuta kwa mwiko:
"We Holo, friji gani hiyo haizimi?"
Si friji, jirani. Ilikuwa friji.
Kompresa mbili, moja ya bucha la Pasiansi,
nyingine ya mwenye baa aliyefariki na deni langu,
nimezifunga mdomo kwa mkia
zinyonye hewa kwenye bomba la chuma
nililopimiwa kwa kilo kama chakavu
kiwanda cha minofu kilipofungwa.
Bado lilinuka sangara. Nililichemsha siku mbili.

Wanasema debe tupu haliachi kuvuma.
Aliyesema hakuwahi kutengeneza utupu.
Unachomelea shaba, unapaka gundi, unangoja ikauke,
unapasha mafuta ya pampu ya mvuke, unawasha,
na mshale unashuka, unashuka, unasimama
palepale uliposimama jana,
maana mahali fulani, penye tundu dogo kuliko jicho la dagaa,
Mwanza nzima inaingia.

Mama alikuwa anauza dagaa Mwaloni, kule Kirumba.
Wanunuzi walikuja na mizani yao.
Nilikuwa na miaka tisa, nimeketi juu ya gunia,
macho yangu sawasawa na sahani,
nikaona gumba la mtu limetua pale kama nzi.
Sikusema. Mama naye aliliona. Hakusema.
Tulihesabu hela njia nzima ya kupanda mawe
zikawa zilezile.

Hii yangu haina sahani.
Waya wa balbu ya indiketa unawaka gizani
(saba zimeungua, hii ni ya nane),
unamwaga elektroni, elektroni zinaipiga hewa,
na kila chembe iliyojeruhiwa inasukumwa na volti mia sita
mbio hadi penye sumaku za maikrowevu
ambayo hoteli moja ya Capri Point iliitupa pamoja na sahani yake.
Hapo nyepesi hupinda, nzito hupitiliza.
Hakuna pa kuweka gumba.

Bugoye, aliyenikerezea flanji kule Nyakato,
aliniuliza itapima nini. Samaki? Dhahabu?
Nikamwambia hewa.
Akazima mashine ili anisikie vizuri.
"Hewa," akasema. "Hewa nani anauza?"
Akanipunguzia elfu tano, nadhani kwa huruma.

Saa nane kasoro usiku. LUKU imebakiza yuniti mbili.
Nashusha volti kidogo kidogo,
kauntabuku wazi gotini, kalamu mdomoni.
Sindano imelala. Imelala.
Kisha inainuka, na si mtetemo wa pampu, ule naujua,
inainuka kama kichwa cha mtu aliyeitwa jina lake,
inalala tena.

Napiga hesabu mara tatu.
Kumi na nane.

Maji.
Sikuwa nimeyatafuta. Nilitaka arigoni,
kitu cha kwenda kumwonyesha Bugoye.
Lakini maji hung'ang'ania chuma,
hata uyanyonye wiki nzima hayatoki yote.
Ni unyevu wa ziwa, ule uliopanda mawe haya kabla sijazaliwa,
ukala bati za Igogo moja moja,
ukavimbisha mlango wetu kila masika;
umeingia humu bila kuniaga
na ndio wa kwanza kupimwa kwa haki nyumbani kwetu.

Nashusha tena. Ishirini na nane. Halafu thelathini na mbili.
Nne kwa moja: hewa tu, tundu lipo bado.
Nachukua spiriti na brashi ya rangi za watoto,
napaka maungio, moja baada ya jingine,
nikingoja sindano iruke inionyeshe.

Ukuta unagongwa.
"Holo! Kimepona?"
"Kinavuja."
"Basi lala."

Yuniti moja na nusu.
Narudi kwenye ungio la tatu.